Amplifaya Haigawanywi Kama Shamba

Baba,

Kamwene. Mama akiniona na kalamu wakati huu atadhani naandika majina ya foleni ya sukari. Acha adhani. Mwaka mzima nimekaa kimya kwa heshima, na sasa heshima yenyewe imenichosha. Ndugu zako walitaka kuniondoa kwenye meza yako ya ufundi, Baba, na mbele za watu walisema kwamba wewe mwenyewe hukuwa fundi wa maana. Wewe! Kwa hiyo leo nasema yote, na mengine hutayapenda.

Nianze na siku ya kuondoa matanga. Walikaa sebuleni kwetu hapa Mlandege, Baba Mkubwa wa Kilolo upande huu, Baba Mdogo wa Mbeya upande ule, wakagawa vitu vyako. Koti kwa huyu, baiskeli kwa yule, saa kwa mtoto wa shangazi. Koti ni koti. Kisha wakafika kwenye amplifaya, ile uliyoijenga kwa miaka miwili, pamoja na makabati yake mawili ya spika, yale ya mninga. Hapo ndipo walipojiona wana akili. Baba Mdogo alisema, "Tusigombane bure. Mimi kwangu kuna umeme, nichukue mashine. Kaka achukue spika. Kila mtu amepata." Watu wazima na ndevu zao wakatikisa vichwa, wakasema haki imetendeka.

Baba, huko Kilolo hakuna umeme! Na hata ungekuwepo, spika bila amplifaya itasema nini? Hao ndugu zako wangepewa mkasi, wangeuvunja, kila mmoja angeondoka na upande wake akimshukuru Mungu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Nikasema, "Baba zangu, hivyo vitu haviachani. Marehemu alivipima pamoja." Baba Mkubwa alinitazama kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma, akasema, "Binti yangu, vitu vya ndugu havigombaniwi. Wewe na mama yako mtabaki na vyombo." Nikapewa kanga mbili na ile sufuria kubwa ya shughuli. Haina mfuniko. Wewe unajua mfuniko ulikokwenda.

Mama hajakusamehe mfuniko ule mpaka leo. Ulisema unauazima. Ukaukata vipande, ukavikunja, ukafungia zile transista mbili kubwa za chuma ulizoletewa na dereva wa malori ya Zambia, ili joto lake lipate pa kutokea. Mama akauliza sasa wali atafunikia nini, ukamwambia afunikie sinia, kwa sababu wali haujawahi kuungua kwa kukosa mfuniko lakini transista huungua kwa kukosa hewa. Alinuna siku tatu. Siku ya nne amplifaya ilipoimba mara ya kwanza, nilimwona akisimama karibu na dirisha na kikapu mkononi, hataki kwenda sokoni.

Na transfoma! Unakumbuka tulivyoisuka? Wewe unashika bobini, mimi nazungusha, waya wa shaba unapita kati ya vidole vyangu mpaka ngozi inachubuka. Kila mizunguko kumi naweka punje moja ya mahindi kwenye bakuli. Tulikuwa tumefika mbali sana siku ile kuku alipoingia akala hesabu yote. Nililia. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini sakafuni, ukasema, "Sasa tumwulize yeye tumefika ngapi." Tukafumua yote, tukaanza upya. Mara ya pili nilisuka vizuri zaidi, waya umelala sawasawa kama mkeka, wala transfoma haikuvuma hata kidogo.

Halafu spika. Hapo ndipo uliponifundisha kitu ambacho ndugu zako mpaka leo hawakijui. Tulikuwa na spika nne za omu nane, tulizozitoa kwenye redio kubwa zilizokufa, na amplifaya yetu ilitaka kuona omu nane tu pale inapotolea sauti. Ulisema omu ni ule ugumu ambao waya wa spika unauwekea umeme, na ukizidi kuupunguza, amplifaya inatoa umeme kuliko nguvu zake. Ukaniambia, "Amplifaya ni ng'ombe, spika ni plau. Ukimfungia plau nne akafa shambani, usiseme ng'ombe alikuwa mbovu." Kwa hiyo mbili tulizifuatanisha ili omu ziongezeke, mbili nyingine tukazifuatanisha, kisha jozi na jozi tukaziunga sambamba ili zipungue tena. Omu nane juu ya alama. Nilipopima spika moja peke yake nikaona mita inasema sita na kitu, nikaogopa nimeharibu, ukasema usiishangae, mita inaipima imelala, ikiimba inakuwa nane. Kisha ukagusisha betri ya tochi kwenye kila spika tuone kama zote zinasukuma mbele kwa pamoja. Moja ilikuwa inarudi nyuma. Niliigundua mimi.

Sasa sikia walichokifanya.

Baba Mdogo alimwoza kijana wake, yule aliyeajiriwa kwenye reli. Harusi ikawa Mbeya, nami nikaitwa kwenda kumenya ndizi na akina mama. Nilipofika niliikuta amplifaya yako juu ya meza ya maharusi, imefunikwa vitambaa vya kufuma. Vitatu! Kimoja cheupe, kimoja cha rangi ya waridi, na kimoja chenye njiwa wawili. Vimelala juu ya mfuniko wa Mama, pale pale pa kutolea joto, ili mashine ipendeze. Nikavitoa. Mama Mdogo akavirudisha, akasema, "Mwe! Wewe mtoto, unataka watu waone machuma matupu?"

Spika zilikuwa Kilolo, unakumbuka. Basi Baba Mdogo akafanya kama watu wanavyofanya kukiwa na sherehe mtaani. Huyu analeta benchi, huyu sufuria, huyu sahani, na safari hii kila mwenye redio akaambiwa alete spika yake. Zikapatikana sita. Sita, Baba! Nyingine zimefungwa kwenye kreti za bia. Na zote wakazisokomeza kwenye matundu yale yale mawili ya kutolea sauti, waya juu ya waya, kwa sababu mwenye spika ambayo haikuungwa angejisikia ametengwa. Penye wengi hapaharibiki jambo, wanasema. Njoo uone. Kwa hesabu yako mwenyewe amplifaya ilikuwa inaona pungufu ya omu mbili, na blanketi mgongoni.

Fyuzi ilifanya kazi yake. Ilikata mapema kabisa, maharusi hawajafika. Kama angekuwepo mtu mmoja wa kujiuliza kwa nini imekata, leo nisingekuandikia. Kijana mmoja akatoa karatasi ya fedha kwenye pakiti ya sigara, akaiviringishia fyuzi, mashine ikawaka, wakampigia makofi. Mimi nilikuwa jikoni, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Nilisikia sauti inakuwa nzito, inakwaruza, kisha ikaja ile harufu. Unaijua. Nilikimbia hivyo hivyo, nikapiga kelele zimeni, na Baba Mdogo mwenyewe akanishika bega akanigeuza. "Rudi jikoni. Hii kazi ya wanaume." Sikufika hata kwenye kizingiti, nikasikia paa! Halafu kimya. Bibi harusi alikuwa ndiyo anaingia mlangoni, akaingia kwa kimya kile, vinasikika viatu tu.

Na wakacheka. Hilo ndilo silisahau. Baba Mdogo, kuficha aibu yake, alisimama mbele za watu akasema, "Msimlaumu mtu. Marehemu kaka alikuwa anabahatisha bahatisha tu. Hii mashine ilikuwa mbovu toka zamani, basi tu imekuja kufia kwangu." Watu wote wakacheka, walioleta spika wakacheka zaidi. Umelala kaburini huwezi kujibu, na ndugu yako wa tumbo moja anakucheka kwenye maikrofoni iliyokufa. Nilikuwa na kisu cha ndizi mkononi. Nilikwenda kukiweka chini, maana niliona kinanishawishi.

Asubuhi nikamwomba anipe ile maiti niondoke nayo. "Chukua," alisema, "hata wa vyuma chakavu hataitaka." Nikaibeba mapajani kwenye basi kutoka Mbeya mpaka Iringa. Kila tulipofika kwenye shimo niliikumbatia.

Nilipoifungua nilikuta transista zote mbili zimekwenda na waya mmoja umeungua ukawa mweusi. Transfoma yetu ilikuwa nzima. Nilipoona hivyo nilipiga kifua, nikasema peke yangu, "Asante." Dereva wako wa malori bado anapita, nilimtengenezea redio yake ya kwenye gari, naye safari iliyofuata akaniletea transista mbili kama zile zile. Nilizifunga. Sikuiwasha moja kwa moja, usiwe na wasiwasi. Nilitanguliza balbu kwenye njia ya umeme kama ulivyokuwa ukifanya, kwamba balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima haraka, kuna ugonjwa. Iliwaka. Kisha ikafifia pole pole mpaka ikawa wekundu mdogo tu, na nikakaa chini pale pale ulipokaa siku ya kuku.

Lakini spika sikuwa nazo. Nilikwenda Kilolo. Baba Mkubwa amehamishiwa kwenye kijiji kipya, nyumba yake imekaa kwenye mstari pamoja na nyingine. Kabati moja analikalia akizungumza na wageni. La pili amelalisha kuku, anaatamia, kwa sababu ile pamba tuliyoweka ndani kutuliza sauti kuku ameiona nzuri kuliko majani. Nikamwomba. Akakataa, bila ubaya. "Huu ni urithi wangu kutoka kwa ndugu yangu," alisema. "Nikiukalia namkumbuka." Nifanyeje na mtu wa namna hiyo? Nikamwambia basi aje nao kwenye kikao.

Maana kikao kilikuwa kimeitwa. Baba Mdogo alikuwa amesema kwamba mwaka umetimia, hapa kwetu hakuna fundi tena, vyombo vyako vinaota kutu, kwa hiyo meza, mita na kila kitu apewe yule kijana wake wa reli. Kijana yule anajua kufungua redio. Kuifunga ndiyo bado. Na meza ile, Baba, ndiyo inayotulisha mimi na Mama. Tangu ufariki watu wanaleta redio zao kwa mlango wa uani, wanamwambia Mama, "Mpe yule anayewatengenezea," na mimi natengeneza, na Mama anarudisha. Hakuna aliyeuliza huyo "anayewatengenezea" ni nani.

Baba Mkubwa alikuja kweli, na makabati mawili juu ya lori la viazi, na kinyesi cha kuku juu yake. Nikayasafisha, nikaunga, nikawasha. Redio ikatoa kwaya. Baba, ilijaza nyumba! Ile besi yako ya chini ilipita sakafuni, vikombe vikatetemeka kwenye kabati. Baba Mkubwa alivua kofia. Baba Mdogo, yule yule, akasema kwa sauti, "Mnamsikia kaka? Nilisema siku zote, kaka alikuwa fundi!" Sikuamini masikio yangu. Mgeuko wa namna ile hata kinyonga angeomba afundishwe.

Nikasema, "Ilikufa harusini kwako. Nimeifufua mimi."

Wakacheka tena. Baba Mkubwa peke yake hakucheka. Aliniuliza kwa kutaka kujua hasa, "Nani alikuona ukifanya kazi hii na baba yako? Mimi nimefika hapa mara nyingi kuliko mvi zangu. Sijamkuta huyu mtoto ameshika chuma hata siku moja. Nimemkuta na birika." Mama akasema yeye aliona. Wakamwambia mama hawezi kumshuhudia mwanawe vibaya.

Na hapo, Baba, hasira yangu iligeuka njia. Ilitoka kwa ndugu zako, ikaja kwako.

Kwa sababu Baba Mkubwa hakusema uongo. Kila kivuli kilipoonekana mlangoni, wewe ulinong'ona, "Weka chini. Lete chai." Kila mara. Nikaweka chini chuma cha kuchomelea, bado cha moto, nikaleta chai. Siku ile mwalimu mkuu alipokuja akainama juu ya transfoma akasema, "Haivumi kabisa! Nani kaisuka hivi?" nilikuwa nimesimama pale na vikombe, vidole vimefungwa vitambaa. Ulisema, "Nimesuka mwenyewe." Kisha ukanikonyeza. Nilifurahia konyezo lile miaka mingi, nikidhani ni siri yetu nzuri. Kumbe siri hairithiwi. Ungesema neno moja tu mbele ya mtu mmoja tu, nisingesimama mbele ya kikao kama mwizi wa ufundi wa baba yangu. Uliogopa nini? Kwamba hawataleta redio zao wakijua ni mikono ya msichana? Au uliipenda ile sifa? Sipendi kuuliza. Lakini nauliza.

Nikawageukia wale wazee. Nilizima mashine, nikafungua migongo ya makabati, nikazichomoa spika zote nne. Nikazitandika sakafuni, ncha nane za waya zikiwatazama. Nikasema, "Sikia, baba zangu. Anayestahili meza hii na aziunge. Akikosea, moshi utamjibu." Nikampa yule kijana wa reli koleo mkononi. Alizitazama. Akachukua ncha mbili, akaziacha, akachukua nyingine. Baba Mdogo alikohoa. Mtu aliyewahi kuchekea maiti ya amplifaya alikuwa anaogopa kuiua tena mbele ya watu. Mwishowe kijana akaweka koleo chini akasema, na kwa hili namheshimu, "Mimi sijui."

Nikaziunga. Mbili na mbili, kisha jozi na jozi. Kwaya ikarudi, na wimbo mwingine.

Baba Mkubwa akasema meza nibaki nayo. Na makabati akaniachia, akasema atatafuta kigoda. Nilitaka kumkumbatia. Ndipo Baba Mdogo akaongeza, na wote wakakubali, na ikaandikwa, "Mpaka atakapoolewa." Mpaka atakapoolewa! Kana kwamba akili inakaa kwenye kanga, siku ya harusi unaikabidhi pamoja nayo. Walipoondoka nilichukua amplifaya, nikaifunga ndani ya kabati moja la spika, mfuniko wa Mama ukichungulia nje upate hewa, kwa misumari ya kupiga pande zote mbili, na kabati la pili nikaliunga kwa waya mnene nilioupitisha ndani ya mbao. Atakayetaka kuigawa tena aje na shoka.

Wiki iliyopita alikuja mtu kutoka Mbeya, mwalimu wa kwaya ya kanisa moja la mlimani. Alikuwepo harusini, moja ya zile spika sita ilikuwa yake, amekiri mwenyewe. Wanataka amplifaya ya kwaya. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akapita macho juu ya kichwa changu, akauliza, "Fundi yuko wapi?" Nilikuwa nimeshika chuma, sikukiweka chini. Nikasema, "Ndiye mimi." Akatazama tena nyuma yangu, hakuona mtu. Akaketi. Tukazungumza habari za omu kwa muda, na alikuwa mwepesi kuelewa kuliko nilivyotarajia. Alipoinuka akauliza, "Hivi wewe, nani alikufundisha?"

Baba, nisikudanganye. Jibu lilikuwa tayari. "Nimejifunza mwenyewe." Lilinifika ulimini, tamu, na nilijua hakuna shahidi duniani wa kunipinga. Ningekulipa kwa kipimo kile kile.

Nililimeza. Nikamtajia jina lako, na la babu, na mtaa, nikamweleza ulivyokuwa ukipima spika kwa betri ya tochi. Nilikusifu huku nina hasira. Bado nina hasira, na sijui itaisha lini. Ikiisha nitakuja kaburini kukwambia. Pumzika sasa. Transfoma ya kwaya nitaanza kuisuka kesho, na chini yake nitaandika jina langu kwa msumari. Wakiniuliza nimejifunza wapi, huko Mbeya, hapa Iringa, popote, mimi nitakutaja, Baba. Mimi nitakutaja.

Binti yako,
Atupele